Refa Anasikia Kiswahili: Maneno kwa Wazazi Kabla ya Msimu wa Soka la Shule

(Hotuba hii ilitolewa kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili mjini Portland, jimbo la Maine, Marekani. Waliokuwa zamu ya jioni wameomba iwekwe yote, nasi tumeiweka kama ilivyosemwa.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliojazana pale mlangoni kama abiria wa daladala, karibuni, viti vipo mbele. Itifaki imezingatiwa.

Wengi mnanifahamu kama mwalimu. Wengine tumejuana toka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwafundisha watoto wenu hesabu. Lakini wapo humu ndani walionifahamu kwa sura nyingine: jezi ya njano, kaptula nyeusi, filimbi mkononi. Ndiyo, ndugu zangu. Yule refa mliyemwita kipofu jioni ile ya mvua ndiye huyu amesimama mbele yenu.

Msicheke sana. Nilisikia yote. Nilisikia "mbuzi huyu". Nilisikia "rudi ulikotoka", tena kutoka kwa mtu aliyetoka kulekule nilikotoka mimi! Na nilisikia baba mmoja, simtaji, yupo hapa, akisema nimekula hongo. Mzee wangu, hongo ya mechi ya shule Maine ni nini? Chupa ya maji? Ningekula hongo ningekuwa nimesimama uwanjani Oktoba, baridi inauma masikio, nikikimbizana na watoto wa miaka 16?

Mzazi anayetukana kwa Kiswahili hapa ugenini anadhani amejificha. Hajajificha. Refa anaweza kuwa mimi. Msaidizi wa refa anaweza kuwa kijana wa Bujumbura. Na hata wote wakiwa wazungu watupu, yupo mtu mmoja uwanjani anayeelewa kila neno. Huyo ni mwanao.

Mtoto anasikia. Anakimbia, anatafuta mpira, na sauti ya baba yake anaijua kati ya sauti mia. Nimeona mtoto akigeuza shingo kutazama jukwaani baba yake anapofoka, halafu akatazama chini. Mpira ukampita pembeni. Baba akafoka zaidi: "Unalala?" Nani alimlaza?

Sasa nataka tuelewane. Sikuja hapa kuwaambia mnyamaze. Wapo watakaowaambia hivyo. Mwaka 1999, kule Ohio kaskazini, karibu na Cleveland, ligi moja ya mpira wa wasichana wadogo ilichoshwa na wazazi. Wakatangaza Jumapili moja ya Oktoba iwe ya ukimya: mzazi haruhusiwi kushangilia wala kulalamika, kocha naye afunge mdomo. Baadhi ya wazazi wakapewa pipi za kijiti wazitie kinywani zizuie maneno. Wazee wazima, wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanalamba pipi!

Nawaelewa waliochoka. Lakini mimi sitaki Jumapili ya pipi hapa kwetu. Sisi ni watu wa kelele. Mpira bila kelele ni mazoezi. Aliyewahi kukaa uwanjani siku ya Simba na Yanga, au siku ya Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, au Lubumbashi siku Mazembe wako nyumbani, huyo hawezi kuangalia mpira kama anasubiri kuonwa na daktari. Mnakumbuka mwaka 2010, Mazembe walipofika fainali ya klabu bingwa ya dunia kule Abu Dhabi? Mnamkumbuka kipa wao Kidiaba akishangilia kwa kudunda nyasini kwa makalio? Kuna mzazi humu alijaribu staili ile juu ya jukwaa la bati msimu uliopita mwanae alipofunga. Jukwaa zima likatikisika, kahawa za watu zikamwagika. Yule nilimsamehe. Furaha haina kosa.

Kwa hiyo pigeni kelele. Swali langu ni moja tu: kelele zako zinakwenda kwa nani? Zikienda kwa mtoto, kwa timu, kwa bao, zipigeni mpaka koo likauke. Zikienda kwa refa, au kwa kocha, au kwa mtoto wa mwenzako aliyevaa jezi ya upande wa pili, hapo nina neno.

Nianze na refa, maana ndiyo kidonda changu.

Sehemu kubwa ya ugomvi wetu na marefa inatoka hapa: mpira wa shule za sekondari Marekani una kanuni zake. Haufuati kila kitu tulichokizoea kwenye televisheni. Zinaandikwa na shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya sekondari, linaitwa NFHS, na majimbo mengi yanazifuata, Maine ikiwemo. Usipozijua utaona wizi kila dakika.

Mfano. Mechi ni dakika 80, arobaini na arobaini. Saa iko ubaoni na inahesabu kurudi nyuma. Bao likifungwa saa inasimama, kadi ikitolewa inasimama, mtoto akiumia inasimama. Ikifika sifuri honi inalia, imekwisha. Hakuna dakika za nyongeza mfukoni mwa refa. Sasa kila mechi nawasikia: "Ongeza dakika! Walikuwa wanapoteza muda!" Niongeze kutoka wapi? Saa hata sijaishika mimi, iko ubaoni pale, hata aliyeko kwenye maegesho anaiona.

Mfano wa pili, na huu nusura ulete fujo. Kwenye mpira wa shule, mtoto akipewa kadi ya njano lazima atoke nje. Kocha ana ruhusa kumwingiza mwingine, na yule aliyetoka atarudi baadaye, nafasi ya kubadilisha wachezaji ikipatikana. Maana hapa kubadilisha hakuna idadi. Mtu anatoka, anapumua, anarudi. Basi jioni moja nikampa kijana kadi ya njano kwa kumvuta mwenzake jezi, akaanza kutembea kwenda benchi. Baba yake akashuka jukwaani ngazi mbili mbili: "Kadi moja ya njano unamtoa mtoto? Kanuni ya wapi hiyo?" Alifika mpaka mstarini, viatu vyake vya kazini vimekanyaga chokaa. Kijana mwenyewe ndiye aliyemwahi: "Baba, narudi. Narudi, baba, kaa." Na kweli alirudi. Lakini mliona uso wake? Mimi niliuona. Adhabu yangu ilikuwa ya dakika chache. Ya baba yake ilizungumzwa shuleni wiki nzima.

Na mjue utaratibu ukoje. Refa hapa hasemezani na jukwaa. Ukizidi, anasimamisha mpira, anamwita msimamizi wa mechi kutoka shule mwenyeji. Msimamizi ndiye anayekuja kukwambia toka, na shule inaweza kukuzuia usifike mechi zinazofuata. Watu 200 wamesimama wanasubiri wewe utoke. Mtoto wako naye amesimama, mikono kiunoni, anasubiri.

Kuna jambo kubwa zaidi. Marefa wanaisha. Shirikisho hilohilo la NFHS lilieleza kwamba kati ya msimu wa 2018–2019 na ule wa 2021–2022, marefa kama 50,000 wa michezo ya sekondari nchini kote waliacha kazi. Korona ilichangia, ndiyo. Umri pia, wengi ni wazee. Lakini waulize wenyewe walioacha, watakwambia habari ya wazazi kabla hawajakwambia habari ya magoti. Mechi inahamishwa kutoka Jumanne hadi Jumatano, na wewe Jumatano una zamu, hutamwona mwanao akicheza. Unafikiri ratiba imeharibiwa na nani?

Nilifanya kazi na binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, msaidizi wangu wa pembeni. Bahati mbaya upande wake ulikuwa upande wa mashabiki. Aliinua bendera, kuotea. Ilikuwa kuotea, nami niliona. Mtu mmoja akasimama nyuma yake kwenye uzio, na kipindi kizima akawa anamsema sikioni. Hakutukana sana, sitamsingizia. Alikuwa anarudia tu: "Hujui. Hujui kazi. Hujui." Mechi ilipoisha binti alizungushia kitambaa kwenye kijiti cha bendera taratibu, akaniwekea mkononi, akasema ahsante. Sikumwona tena uwanjani. Yule mtu hakuwa wa kwetu, ni Mmarekani wa hapahapa. Nawaambia ili mjue ugonjwa huu si wa kabila letu peke yetu. Lakini msifurahi. Dawa ni ileile.

Haya, tumwache refa. Twende kwa makocha wa jukwaani.

Mko wengi! "Piga! Piga! Toa! Rudisha! Kaba huyo! Panda!" Mtoto mmoja, maelekezo kumi. Kocha amekaa naye wiki nzima anamfundisha kushika mpira, kutulia, kumsubiri mwenzake apande. Baba anafika Alhamisi jioni, ametoka kiwandani, hajaona hata mazoezi ya siku moja, anapiga kelele: "Piga!" Kocha anasema shika, kwa Kiingereza. Baba anasema piga, kwa Kiswahili. Mtoto amtii nani? Kwetu tumemlea amtii baba. Kwa hiyo anapiga. Mpira unapaa hadi kwenye miti ya misonobari, kocha anamtoa, na baba anakasirika kwa nini mwanae ametolewa.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, sisi tunatumia Kiswahili ili wapinzani wasijue mbinu." Nilicheka mpaka machozi. Mzee wangu, beki wao wa kushoto ametoka Uvira! Kipa wao mama yake ni wa Mombasa! Hapa Portland na kule Lewiston unaweza kukuta Kiswahili pande zote mbili za uwanja. Siri yako wameisikia kabla ya mwanao.

Ukiwa na neno kwa kocha kuhusu mwanao, liwe la mwanao tu, la mtoto wa mwenzako liache. Tena usimfuate palepale mechi ikiisha, damu bado inachemka. Shule nyingi zinaomba mzazi asubiri saa 24. Subiri. Kesho yake nusu ya yale uliyotaka kusema utakuwa umeyasahau, na nusu iliyobaki itasemeka bila kupandisha sauti.

Sasa nafika mahali pagumu. Tukae kimya kidogo.

Watoto wetu wanatukanwa. Si kila mechi, si kila shule. Lakini wanatukanwa rangi yao, majina yao, hijabu za dada zao. Mzazi anasikia. Afanye nini?

Naomba niwasimulie habari ya jirani zetu wa Lewiston, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa. Mji ule ulijengwa na viwanda vya nguo, na wengi waliokuja kufanya kazi humo walikuwa watu wa Quebec, wanaozungumza Kifaransa, Wakatoliki, nao walibaguliwa sana wakati wao. Viwanda vikafungwa, mji ukadorora. Kuanzia mwaka 2001 Wasomali wakaanza kuhamia. Mwaka 2002 meya akaandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali, akiwataka wawaambie ndugu zao wapunguze kuja. Barua ile ilizunguka Marekani nzima.

Watoto wa wale walioandikiwa barua wakakua, wakaingia sekondari ya Lewiston, wakacheza mpira. Wengi walizaliwa au kulelewa kwenye kambi za Kenya, ndiyo maana kabla ya mechi walikuwa wanakusanya mikono katikati na kupaza sauti, "Pamoja ndugu!" Kwa Kiswahili hikihiki chetu. Kocha wao, Mike McGraw, Mmarekani wa palepale Maine aliyefundisha timu ile miaka mingi kabla yao, aliipokea. Walitukanwa kwenye viwanja vya ugenini, jambo hili limesimuliwa sana na halina ubishi. Walicheza.

Tarehe 7 Novemba 2015, hapa Portland, uwanja wa Fitzpatrick, fainali ya jimbo. Watu wapatao 4,500. Kwa fainali ya soka la shule Maine, umati ule haukuwa umewahi kuonekana. Kulikuwa na kijana wao anayerusha mpira kwa kupiga sarakasi: anakimbia, anapinduka na mpira chini, anasimama akiwa ameshaurusha hadi langoni. Kila akishika mpira pembeni jukwaa zima lilikuwa linainuka. Na nani walikuwa wanainuka? Mama wa Kisomali na shungi lake, na pembeni yake bibi wa Kifaransa ambaye babu yake alifanya kazi kiwandani. Lewiston moja, wapinzani wao Scarborough bila. Walimaliza msimu ule bila kupoteza mechi. Wakatwaa tena 2017, wakatwaa tena 2018.

Nawauliza: umati ule ungekusanyika kama baba mmoja angeruka uzio kwenda kupigana na aliyemtukana mwanae kwenye mechi ya Septemba? Timu ingeweza kuadhibiwa. Mchezaji angeweza kufungiwa. Na aliyetukana angekwenda nyumbani akisema, mnaona, si niliwaambia?

Lakini sisemi mvumilie. Hapana! Kuvumilia kimya ndiko kumetuponza. Nasema muwe na utaratibu. Ukisikia tusi la ubaguzi, tazama saa ya ubaoni, kariri dakika. Tazama aliyelitamka kakaa wapi, kavaa nini. Mtafute msimamizi wa mechi palepale, usingoje mwisho. Kiingereza kikigoma, mpe simu kijana yeyote akutafsirie, lakini usimtume mwanao mchezaji. Asubuhi yake, barua kwa mkurugenzi wa michezo wa shule yako. Na mjue hili, wengi hamjui: shule ya umma inawajibika kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani. Ni haki yako, si hisani. Ukiambiwa hakuna, omba tena, kwa maandishi. Nami nitakuandikia, nyumba yangu mnaijua.

Na sisi je? Tunapowaita watoto wa wenzetu majina, tunapomcheka kipa mnene wa upande wa pili, yule naye hana mama? Nimesikia jukwaa letu likimwimbia kipa wa watu wimbo ambao sitaurudia mbele ya wazee. Hakuelewa maneno. Alielewa vidole.

Nirudi kwenye furaha, maana nimewakunjisha nyuso.

Vigelegele ruksa. Mama mmoja alipiga vigelegele mwanae alipofunga, msimamizi akaja mbio akidhani kuna mtu kaumia. Mama akamwonyesha ubao wa matokeo. Sasa wamezoea, wakivikosa wanauliza kuna nini leo. Nyimbo ruksa. Vitenge vya rangi ya shule, ruksa na mnapendeza. Filimbi, hapana kabisa: ukipuliza filimbi jukwaani watoto wanasimama wakidhani ni mimi. Vuvuzela na honi za gesi majimbo mengi yanazizuia, hasa kwenye mechi za mtoano, kwa hiyo ziacheni nyumbani. Ngoma inategemea shule, ulizeni kwanza.

Wimbo wa taifa ukipigwa, simama, vua kofia, maliza simu. Hilo halina maelezo marefu.

Bado moja, nalo linaniuma kuliko matusi yote niliyotukanwa. Jukwaa tupu. Ninapokagua wachezaji kabla ya mechi nawaona watoto wetu wanavyotazama juu, wanapekua nyuso. Mtoto wa Kimarekani ana baba, mama, bibi, na mbwa. Wa kwetu hana mtu. Najua kwa nini, msinieleze: zamu ya pili, gari moja watu saba, mdogo ana homa. Lakini mtoto mmoja akikosa mzazi wake, je, sisi wengine hatuwezi kumwita jina? Shika jina la mtoto wa jirani. Akigusa mpira, liite. Kwetu mtoto alikuwa wa mtaa mzima; hapa Portland tumekuwa wazungu lini?

Mechi nyingi za kawaida ni bure. Za mtoano hulipiwa, na tiketi nyingi siku hizi ni za simu, vijana watawasaidia kuzipakua. Chukueni mablanketi, Oktoba si mchezo. Msimu unaanza mwisho wa Agosti na mechi ni jioni za katikati ya wiki na Jumamosi, ratiba ipo pale mezani kwa Kiswahili na Kirundi.

Mzee wa ngoma, nimekuona umenyoosha mkono toka zamani. Ngoma yako ina ukubwa gani? ... Hiyo haiingii kwenye gari la mtu, baba. Niletee ndogo, nitamuuliza mkurugenzi wa michezo Jumatatu. Na wenye magari ya viti saba, msiondoke kwanza, njooni huku mbele tuandikiane majina: nani anachukua mtaa upi Jumanne, nani Alhamisi.